Mzee Asiyerudi Nyuma: Maisha ya Hamu Mukasa

Kila tunapofanya sherehe kubwa kanisani tunapenda kuwakumbuka waliotutangulia. Katika kitabu hiki cha jubilei utasoma majina ya walioianzisha kwaya hii, walioilea na waliolala katika Bwana. Kamati imeona vyema tuongeze pia maisha ya mtu mmoja ambaye si wa hapa Isiolo wala hakuwa Mkenya, lakini alikuwa muumini wa kwanza-kwanza katika Afrika Mashariki, mume na baba, mtawala aliyestaafu kwa heshima, na mzee aliyeishi miaka zaidi ya themanini. Jina lake ni Hamu Mukasa wa Uganda.

Tumemchagua kwa sababu moja, na msomaji ataiona kadiri tunavyoendelea. Kazi inayomfanya akumbukwe zaidi leo aliifanya baada ya kustaafu, wakati ambapo wengi husema wamemaliza.

Hamu Mukasa alizaliwa karibu na mwaka 1870 katika Buddu, kusini mwa ufalme wa Buganda. Baba yake alikuwa chifu. Siku hizo chifu aliyetaka mtoto wake apate maendeleo alimpeleka kwenye jumba la mfalme, yaani Kabaka, akatumikie huko. Mvulana aliyefika pale alitumwa huku na huku, alibeba ujumbe, alikaa karibu na wakubwa na kusikia mambo mengi. Kwa wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Mukasa alipelekwa akiwa bado mdogo, naye Kabaka alikuwa Mutesa wa Kwanza.

Jumba la Mutesa lilikuwa mahali pa mabishano ya dini. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wameleta Uislamu, na Mutesa mwenyewe aliwahi kuwaamuru watu wake wafunge Ramadhani. Mwaka 1877 wakafika wamisionari wa Kianglikana, na mwaka 1879 mapadre wa Kikatoliki. Vijana wa jumba la mfalme walijifunza kusoma kwa yeyote aliyekuwa tayari kuwafundisha, na Mukasa alikuwa mmoja wao. Alianza na mafundisho ya Kiislamu, kisha akavutwa na mafundisho ya Injili.

Hapa pana jambo la kutufurahisha sisi tunaoimba kwa Kiswahili. Wakati huo Biblia ya Kiganda haikuwapo. Biblia nzima kwa Kiganda ilikamilika mwaka 1896 hivi, kwa kazi ya George Pilkington akisaidiana na Henry Wright Duta na Waganda wengine. Kabla ya hapo, vijana waliotaka kulisoma Neno walitumia sehemu za Maandiko zilizokuwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha hii tunayoitumia kila Jumapili hapa Isiolo ndiyo iliyowafungulia njia Waganda wa kwanza kulisoma Neno, huko mbali kando ya Ziwa Victoria.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga aliyekuwa kijana bado. Waumini wakaingia katika majaribu. Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa kwa moto. Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington, aliyekuwa amesafiri kutoka pwani na kuipita nchi hii yetu ya Kenya kwa miguu, aliuawa Busoga kabla hajafika Buganda. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wakachomwa Namugongo. Mashahidi wanaokumbukwa kwa majina ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengi wao walikuwa vijana wa jumba la mfalme, rika la Hamu Mukasa, watu aliokula nao na kujifunza nao kusoma.

Yeye alinusurika. Ni vizuri tukae kidogo juu ya neno hilo. Tukisoma habari za mashahidi, mara nyingi tunawafikiria waliokufa tu. Lakini kila shahidi aliacha rafiki aliyebaki hai, na rafiki huyo alipaswa kuamka kesho yake na kuendelea kuamini bila mwenzake. Mukasa alikuwa mmoja wa waliobaki. Aliishi miaka sabini baada ya Namugongo, akiwa na kumbukumbu hiyo moyoni.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1888 Mwanga aliondolewa kwenye kiti, na Buganda ikaingia katika vita. Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana walishika silaha, mara wakiwa pamoja, mara wakipigana wao kwa wao. Wakristo walifukuzwa wakakimbilia Ankole, kisha wakarudi wakipigana. Katika vita hivyo Mukasa alijeruhiwa goti, na tangu hapo alitembea akichechemea mpaka kifo chake.

Sisi wa Isiolo tunaielewa sehemu hii bila kuelezwa sana. Mji wetu una Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana, Wasamburu na wengine wengi. Alfajiri tunasikia adhana, na Jumapili majirani zetu wanatusikia tukiimba. Tumeona siku za amani, na tumeona pia siku ambazo watu walizikana kwa sababu ya ng'ombe, ardhi au siasa. Goti la Hamu Mukasa linatukumbusha kwamba hata watu waliomjua Mungu waliwahi kuumizana, na kwamba jeraha la siku moja linaweza kumfuata mtu maisha yake yote.

Kijana aliyelemazwa mguu katika nchi ya mashujaa wa vita angeweza kukata tamaa. Mukasa aligeukia vitabu. Alisoma sana, akaandika. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza katika nchi yake kuandika ufafanuzi wa Injili, yaani maelezo juu ya Injili ya Mathayo kwa lugha ya Kiganda, ili watu wa kawaida wapate kuielewa wakiwa nyumbani kwao.

Usomi huo ndio uliomfungulia njia. Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu wa ufalme, alikuwa Apolo Kagwa, mtu shupavu na mwenye kazi nyingi. Kabaka wakati huo alikuwa Daudi Chwa, mtoto mdogo aliyezaliwa mwaka 1896, kwa hiyo Kagwa na wenzake wawili waliiongoza nchi kwa niaba yake. Mwaka 1902 Kagwa alialikwa Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Alihitaji katibu wa kufuatana naye, na akamchagua Hamu Mukasa.

Safari hiyo iliwapitisha Kenya. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901 tu, kwa hiyo wao walikuwa miongoni mwa abiria wa mwanzo kabisa kuvuka ziwa na kupanda gari la moshi mpaka pwani. Kutoka Mombasa walisafiri kwa meli kupitia Bahari ya Shamu na mfereji wa Suez. Walipofika London sherehe iliahirishwa, maana mfalme aliugua ghafla mwezi Juni akapasuliwa tumbo. Walingoja mpaka Agosti ndipo akatawazwa.

Mukasa hakuketi bure wakati huo. Aliandika kila alichokiona: meli, nyumba, makanisa, viwanda, wanyama waliofungiwa, tabia za watu. Kila kitu kigeni alikilinganisha na kitu cha nyumbani, ili Mganda ambaye hajawahi kutoka kijijini kwake apate kukiona kwa macho ya moyo. Mmisionari Ernest Millar, aliyefuatana nao, alizitafsiri habari hizo kwa Kiingereza, na kitabu kikachapishwa London mwaka 1904. Wazungu wengi walikuwa wameandika vitabu juu ya Afrika, na sasa Mwafrika alikuwa ameandika kitabu juu ya Uingereza.

Mwaka 1905 Mukasa alipewa cheo cha Sekibobo, yaani mkuu wa saza la Kyaggwe. Saza lilikuwa sehemu kubwa ya ufalme, tunaweza kulifananisha na kaunti, na Sekibobo alikuwa kama gavana wake, ingawa hakuchaguliwa kwa kura. Alisimamia kodi, mashauri, barabara, kilimo na machifu wadogo walio chini yake. Kazi hiyo aliifanya miaka 30, mpaka alipostaafu mwaka 1935. Kila anayefahamu kazi za serikali anajua kwamba miaka 30 katika ofisi moja si jambo dogo. Waliokuwa wakubwa wake walibadilika mara nyingi. Rafiki yake Kagwa mwenyewe alijiuzulu mwaka 1926 baada ya kutofautiana na maofisa wa serikali ya kikoloni, na mwaka uliofuata akafariki hapa Nairobi.

Makao ya Mukasa yalikuwa Mukono, mahali palipoitwa Nasuuti. Huko ndiko alikojenga nyumba, akalima na kulea familia yake. Mke wake wa kwanza alikuwa Hanna Wawemuko. Baada ya Hanna kufariki alimwoa Sarah Nabikolo. Alikuwa mtu wa ndoa ya kanisa katika kizazi ambacho machifu wengi walihesabu heshima yao kwa idadi ya wake. Uamuzi huo haukuwa mwepesi kwa mtu wa cheo chake. Ulimaanisha kwamba mbele ya wenzake angeonekana mdogo, na ndani ya nyumba yake angekuwa na mtu mmoja wa kushauriana naye.

Watoto wake aliwapeleka shule, wavulana na wasichana pia. Shule ya wasichana ya Gayaza ilianza mwaka 1905, na Budo ya wavulana ikafunguliwa mwaka 1906. Mukasa alikuwa mmoja wa machifu walioziunga mkono tangu mwanzo. Wakati huo wazazi wengi walijiuliza binti atafanya nini na kitabu. Jibu la Mukasa lilionekana katika watoto wake. Binti yake mmoja, Rebecca Mulira, alikuja kuwa miongoni mwa viongozi mashuhuri wa wanawake wa Uganda, naye alisimama pamoja na wanawake wenzake wakati Kabaka Mutesa wa Pili alipopelekwa uhamishoni na Waingereza mwaka 1953.

Kwa kanisa, zawadi yake kubwa ilikuwa ardhi. Chuo cha kuwafundisha wachungaji, kilichopewa jina la Askofu Tucker, kilihamia Mukono mwaka 1913 kwenye ardhi iliyotolewa na Hamu Mukasa. Wachungaji wengi wa Afrika Mashariki walisomea hapo. Mwaka 1997 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, na maktaba yake kubwa inaitwa kwa jina lake. Fikirini jambo hilo, wapendwa: kijana aliyejifunza kusoma kwa kuokoteza herufi katika jumba la mfalme, leo maelfu ya wanafunzi husoma vitabu chini ya jina lake.

Kizazi chake kilijua pia kujenga na kujenga tena. Kanisa kubwa la Namirembe lilianza kwa miti na nyasi. Lililojengwa mwaka 1892 liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Likajengwa jingine, na jingine la matofali, nalo likateketea kwa radi mwaka 1910. Kanisa lililopo leo lilikamilika mwaka 1919. Kila mara waumini walianza upya. Sisi tulioimba chini ya mti, kisha chini ya mabati, tukanunua vyombo, vikaharibika, tukanunua tena, tunaielewa habari hii.

Sasa tunafika kwenye ile sababu tuliyoitaja mwanzoni. Mwaka 1935 Hamu Mukasa alistaafu. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya sitini, goti bovu, nyumba, mashamba, wajukuu na heshima. Hakuna ambaye angemlaumu kama angekaa kivulini na kupokea wageni. Lakini alitazama akaona kwamba waliokuwa pamoja naye katika jumba la Mutesa walikuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine. Kagwa alikuwa ameondoka. Wazee wengine wa rika lake nao walikuwa wakipungua. Vijana waliozaliwa baada ya reli, baada ya magari na baada ya shule hawakujua lolote juu ya siku zile ila hadithi za kusikia.

Akaketi akaandika. Kitabu chake kinaitwa Simudda Nyuma, na maana ya jina hilo ni kutorudi nyuma. Sehemu ya kwanza, juu ya siku za Mutesa, ilichapishwa mwaka 1938. Sehemu ya pili, juu ya Mwanga, ilichapishwa mwaka 1942. Alikusudia pia sehemu ya tatu, lakini haikuchapishwa akiwa hai. Ndani yake mna mambo ambayo mtu asiyekuwapo asingeweza kuyajua: jinsi vijana walivyoishi katika jumba la mfalme, nani alisema na nani, nani aliogopa, nani alisimama, jinsi imani ilivyoingia kidogo kidogo katika mioyo ya watu waliokuwa na mengi ya kupoteza. Wanahistoria wa Buganda wanakitumia mpaka leo.

Tukipima maisha yake kwa vyeo, tungesema kilele chake kilikuwa kuwa Sekibobo. Cheo kile kilipata mtu mwingine siku aliyoondoka, na kodi ziliendelea kukusanywa. Lakini yale aliyoyajua juu ya marafiki zake waliochomwa moto hakuna aliyeweza kuyarithi kwa kuteuliwa. Kama angekufa bila kuandika, yangekufa pamoja naye.

Hamu Mukasa alifariki mwaka 1956. Alikuwa ameishi chini ya Kabaka wanne na zaidi, ameona kuja kwa wamisionari, vita vya dini, mkataba wa mwaka 1900 na Waingereza, vita viwili vya dunia, na kurudi kwa Mutesa wa Pili kutoka uhamishoni mwezi Oktoba 1955, siku ambayo Buganda nzima ilishangilia. Uhuru wa Uganda alikosa kuuona kwa miaka sita tu.

Basi maisha haya yanatuambia nini sisi wa kwaya?

Kwanza, kwa baba na mama wa kwaya hii. Wengi wenu mmestaafu, wengine kutoka ofisini, wengine ualimu, jeshi, hospitali au biashara. Wengine pia mmeacha kuimba, sauti imekwisha, na mnakaa kwenye viti vya nyuma mkisema sasa ni zamu ya vijana. Ni kweli, ni zamu yao. Lakini nani atawaambia vijana hawa wimbo wa kwanza wa kwaya ulifundishwa wapi, na nani alikuwa anashika sauti ya nne? Nani anakumbuka safari ile ya lori lililokwama mtoni usiku kucha, watu wakaimba mpaka kulipopambazuka? Wakati wa kuandaa kitabu hiki tulitafuta majina ya wanakwaya wa mwanzo. Mengine tuliyapata kwa wazee wawili watatu tu, na mengine hatukuyapata kabisa. Waliokuwa wanayajua walikuwa wameshazikwa, na sisi wenyewe tuliimba kwenye mazishi yao bila kuwauliza.

Pili, kwa vijana. Mnazo simu zinazoweza kurekodi sauti na picha. Mnazitumia kurekodi kwaya siku ya mashindano, na hilo ni jema. Jumapili moja baada ya ibada, kaa na bibi yako au babu yako wa kanisa, washa simu, muulize alikujaje Isiolo na alianzaje kuimba. Usimkatize. Mwache aende pole pole, hata akirudia maneno. Ukiwa na daftari ni bora zaidi, maana simu huibwa na daftari huachwa.

Tatu, kwa familia. Hamu Mukasa hakuandika akiwa peke yake jangwani. Aliandika nyumbani, katikati ya mke, watoto na wajukuu. Mzee anayeheshimiwa nyumbani huwa na utulivu wa kukumbuka. Mzee anayenyamazishwa kila akianza kusimulia, mwishowe hunyamaza kweli.

Kamati imeamua kuwa baada ya jubilei hii daftari kubwa litawekwa katika ofisi ya kanisa. Kila mzee wa kwaya ataombwa kuja, au kutembelewa nyumbani kwake, asimulie anayoyakumbuka, na kijana mmoja ataandika. Anayechechemea atafuatwa alipo. Tutaanza na walio wakongwe zaidi, kwa sababu wao ndio hatuna muda wa kuwangojea.

Bwana awabariki nyote, na karibuni katika sherehe.